Shindano la bendi za metali si kusaka vipaji

Siku hizi kila kipindi cha muziki chenye majaji kinaitwa kusaka vipaji. Hata Battle for Ozzfest, shindano la MTV la bendi za metali, yaani roki nzito, nimesikia ikitiwa kapu hilo, na hapo ndipo ninapopinga.

Shindano la rialiti la bendi za hevi metali ni kipindi cha televisheni ambamo bendi chipukizi huwania nafasi ya kupanda jukwaa kubwa, huku kamera zikiwafuata washindani hata nje ya muziki. Maana yake ni hiyo tu.

Kusaka vipaji ni kama Bongo Star Search au Tusker Project Fame: mtu huja peke yake na sauti yake, na mara nyingi huimba nyimbo za wengine. Bendi ya metali huwezi kuipima hivyo. Ule mngurumo wa mwimbaji umetungwa uende na gita fulani na drams fulani. Badilisha mpiga drams, na bendi imekuwa nyingine. Wapenzi wa dansi Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa hili. Msondo na Sikinde wakikutana kwenye mpambano, zinashindana bendi nzima, kuanzia waimbaji hadi wapuliza tarumbeta.

Sasa tazama MTV walichofanya kwenye Battle for Ozzfest mwaka 2004 pamoja na mwimbaji wa metali Ozzy Osbourne na mkewe Sharon, walioanzisha tamasha la metali la Ozzfest mwaka 1996. Kila bendi ilitoa mtu mmoja tu akakae na wapinzani wake na kupewa majaribu. Akitolewa yeye, bendi yake yote imetoka, hata kama wenzake ni mafundi wa kupindukia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichopimwa ilikuwa uvumilivu na tabia ya mwakilishi. Wacken Metal Battle, iliyoanza mwaka huohuo, iko mbali na hapo: bendi hupanda jukwaani kamili, na nyimbo zake, kwenye michujo ya nchi mbalimbali, kisha washindi huenda kupiga katika kijiji cha Wacken, kaskazini mwa Ujerumani.

A Dozen Furies wa Texas ndio walioshinda Battle for Ozzfest, wakapiga Ozzfest ya 2005. Ukiwataja, tafadhali sema hivyohivyo. Usiseme walithibitishwa kuwa bendi chipukizi bora ya metali Marekani, kwa sababu hilo halikushindaniwa.