Je, wajua kwa nini vilima vifupi vya Lake District vina hali ya hewa isiyotabirika?

Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, una mita 978 tu kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi kwa zaidi ya mita 600, kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba kutembea siku nzima katika vilima vya Lake District, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ni suala la raba na chupa ya maji. Kumbe mtu huweza kuondoka bondeni jua likiwaka, akapigwa na mvua ya mawe adhuhuri, akapotea ukunguni alasiri, kisha akashuka jioni chini ya anga safi.

Chanzo kikuu ni bahari. Pepo za huko huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, zikiwa zimesheheni unyevu wa Atlantiki, na zinapofika kwenye vilima hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke wake ukawa mawingu, na mawingu yakamwaga maji. Ndiyo maana Seathwaite, kijiji kidogo kilicho chini ya Scafell Pike, hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Keswick, ulio mwendo mfupi kaskazini yake, hupata takriban nusu ya hizo. Katika saa 24 zilizoishia tarehe 5 Desemba 2015, kwenye njia ya mlimani ya Honister, zilipimwa milimita 341.4, kiasi kinachozidi wastani wa mwezi mzima wa Aprili jijini Dar es Salaam.

Ule ugeugeu wa ghafla una sababu yake. Katika latitudo hizo hewa ya joto kutoka kusini hukutana na hewa ya baridi kutoka kaskazini, na mpaka kati yake, ukisukumwa na mgandamizo mdogo wa hewa, huweza kupita juu ya kilima kwa saa chache tu, ukibadili upepo, joto na mawingu kwa pamoja.

Kinachomchosha mtembeaji zaidi, kwa maoni yangu, ni upepo kuliko mvua. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, hivyo bonde lenye nyuzi 10 huwa na kilele chenye nyuzi 4 au 5; upepo wa kilomita 60 kwa saa ukivuma hapo, ngozi huhisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Miteremko hiyo, inayolishwa kondoo tangu zama za kale, haina miti ya kujikinga, na shati la pamba likishalowa huunyonya mwili joto.

Muda nao hauna huruma. Kanuni ya kukadiria muda wa matembezi ya milimani, aliyoitoa Mskochi William Naismith mwaka 1892, hukadiriwa leo kuwa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 zenye mita 1,200 za kupanda hudai saa 6 bila mapumziko, ilhali mwanga wa mchana wa Desemba hauzidi sana saa 7. Ukungu ukishuka, anayekosea upande kileleni bila ramani na dira huibukia bonde jingine kabisa, na kurudi kwa barabara ni kuizunguka milima.

Kwa kuwa vipimo vya bondeni havitoshi, majira ya baridi wakaguzi wa Hifadhi ya Taifa ya Lake District hupanda kila siku mlima Helvellyn, wenye mita 950, kupima joto, upepo na hali ya theluji, kisha taarifa yao hutangazwa kwa wanaopanga kupanda.