Saratani ya utumbo imefika kwenye ini: ni lini inaweza kukatwa?

Nafanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya saratani hapa Dar es Salaam. Ndugu wa wagonjwa hunisimamisha koridoni, bahasha ya picha mkononi, wakiwa wametoka kwa daktari wamesikia maneno mengi na wameshika machache. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya. Nazungumzia saratani iliyoanzia kwenye utumbo mpana au sehemu yake ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa, maana hiyo ndiyo ambayo upasuaji wa ini umesaidia watu wengi zaidi.

Sista, mwanzo tuliambiwa baba ana saratani ya utumbo, sasa wanasema ini. Ana saratani mbili?

Hapana, ni moja. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, na chembe za saratani husafiri na damu hiyo zikaotea huko. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe, ambayo kwetu mara nyingi hufuatia homa ya ini aina ya B, ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni nyingine. Mkifika hospitali mpya semeni "saratani ya utumbo iliyofika kwenye ini". Neno hilo moja huokoa muda mwingi.

Si ni hatua ya nne hiyo? Kisu cha nini tena?

Hatua ya nne maana yake imesambaa. Haina maana kwamba kila mlango umefungwa. Kati ya watu 100 ambao saratani yao ya utumbo imefika kwenye ini, karibu 20 wanaweza kukatwa sehemu ya ini yenye vivimbe tangu mwanzo, na wengine hufikia hapo baada ya dawa. Kwa waliokatwa katika hospitali zenye uzoefu, takriban 4 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Ni kweli pia kwamba zaidi ya nusu hurudiwa na ugonjwa, kwenye ini au mapafu, na baadhi yao hukatwa tena. Nayasema yote mawili kwa sababu familia ina haki ya kuyajua yote mawili.

Daktari anaangalia nini hasa kwenye ile picha?

Zamani walihesabu vivimbe: vikizidi vitatu au vinne, basi. Siku hizi swali limegeuka. Hawaulizi kitatolewa kiasi gani, wanauliza litabaki ini kiasi gani, na kama kilichobaki kitaweza kufanya kazi.

Ukinunua maini buchani, tazama lile pande nene. Ukilikata unakuta vitundu vyenye kuta nyeupe, ngumu kidogo chini ya kisu. Hiyo ni mirija. Ini la binadamu nalo ni hivyo: limegawanyika sehemu 8, kila moja na damu yake ya kuingia na njia yake ya kupeleka nyongo, kisha damu hutoka kwa mishipa mitatu mikubwa. Kipande kitakachobaki lazima kiwe na vyote vitatu: damu inaingia, damu inatoka, nyongo inapita. Ndiyo maana mtu mwenye vivimbe sita upande mmoja anaweza kukatwa, na mwenye kimoja tu, kidogo, kilichokaa pale mishipa yote mitatu inapokutana, akaambiwa haiwezekani. Ndugu huona kama ubaguzi. Sivyo, ni mahali kilipokaa.

Kwa ini lenye afya, inatosha ikibaki asilimia 20 hadi 25, maana ini hukua tena ndani ya wiki na miezi. Aliyetumia dawa za saratani kwa muda mrefu anahitaji kama 30, na mwenye ini lenye makovu kama 40. Halafu daktari huangalia kama ugonjwa uko kwingine ambako hauwezi kutolewa, na kama moyo na nguvu za mgonjwa zitahimili. Umri peke yake haumzuii mtu.

Na kipande kitakachobaki kikiwa kidogo mno?

Kuna njia ya kuziba mshipa unaolisha upande mgonjwa, ili damu ielekee upande wenye afya nao ukue. Husubiriwa wiki 4 hadi 6, kisha hupimwa upya. Hospitali zinazofanya hivi ni chache.

Baada ya dripu za dawa, picha mpya haionyeshi kitu. Amepona?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Uvimbe kupotea kwenye picha si sawa na kupotea kwenye ini. Mara nyingi chembe hai bado zipo palepale, na daktari wa upasuaji atahitaji kujua palikuwa wapi. Tunzeni CD ya siti skani, yaani ile picha ya ini, ya kwanza kabisa. Nimeona CD hiyo imewekwa juu ya kabati bila kasha, imekwaruzika, haifunguki, na kwa mgonjwa huyo ndiyo iliyokuwa ramani. Ulizeni pia mapema, "Dripu ngapi kisha tupime?" Dawa zikizidi muda huchosha ini lenyewe. Kwa kawaida hupimwa kila baada ya miezi 2 au 3.

Wazee wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa.

Nawaelewa, wengi wamewaona waliopasuliwa wakiwa wamechelewa mno. Kisu hakikuwasambazia, kilikuta imeshasambaa. Ila lipo jambo moja: uvimbe wa ini unaoweza kukatwa, madaktari wengi huepuka kuuchoma sindano ya kuchukua kipande kidogo cha kupima, kwani chembe zinaweza kubaki njiani. Na mitishamba je? Mwambieni daktari, hata kama mnaona aibu. Baadhi huumiza ini.

Nani anaamua?

Si daktari mmoja. Taasisi ya Saratani Ocean Road inatoa dawa na mionzi. Upasuaji mkubwa hufanyika katika hospitali kama Muhimbili. Ombeni picha zionwe na jopo lenye daktari wa upasuaji wa ini, hata kama mmeshaambiwa haikatiki. Mwulizeni daktari hivi: "Haikatiki kabisa, au haikatiki kwa sasa?" Ikiwa ni kwa sasa, ulizeni itapimwa lini tena, na muiandike tarehe kwenye kadi.

Na wakisema kabisa?

Dawa bado zinaweza kumpa muda, na vivimbe vidogo, chini ya sentimita 3, wakati mwingine huunguzwa kwa sindano ya joto. Maumivu yana tiba: ulizieni tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, siku hiyohiyo, na morfini ya kunywa isiwatishe. Mgonjwa asiyeumwa usiku anakula asubuhi.