Mkojo wa paka si mlango pekee

"Akishakojoa mara mbili tatu, mwanangu, sumu yote imetoka." Ndivyo alivyoniambia jirani yangu wa Langoni, Lamu, paka wake aliporudi kutoka Mombasa alikochomwa sindano ya vinkristini kwa saratani ya tezi za limfu. Huku anasema, anazoa kinyesi cha paka kwa kipande cha gazeti.

Sivyo. Vinkristini huvunjwavunjwa na ini, kisha sehemu kubwa humiminwa na nyongo hadi matumboni na kutoka na kinyesi. Inayopita kwenye mkojo ni kidogo. Yaani hatari kubwa ilikuwa ndani ya lile gazeti.

Kaboplatini, dawa nyingine ya saratani, ni kinyume chake, hiyo hutolewa na figo. Siklofosfamidi, nayo dawa ya saratani, ina kisa chake: huingia haina makali, ini ndilo linaloiamsha, na mabaki yake yaitwayo akroleini huchubua kibofu hadi mnyama akakojoa damu. Na paka si mbwa mdogo: sisplatini, dawa ya saratani ambayo mbwa hupewa, humjaza paka maji mapafuni ikamuua.

Jirani sasa anavaa glavu siku 3 baada ya kila sindano, kwa mkojo na kinyesi pia. Gazeti amebakiza la kufungia samaki.