Waridi la Kisasa: Maana Yake na Asili Yake

Waridi la kisasa ni waridi la kundi lolote ambalo halikuwapo kabla ya mwaka 1867. Mpaka huo, uliowekwa na Chama cha Waridi cha Marekani, unafuata kundi wala si umri wa aina: aina iliyotolewa mwaka 1890, ikiwa ni ya kundi la zamani, bado huhesabiwa kuwa waridi la kale. Mwaka 1867 ulichaguliwa kwa sababu ndio uliotoa 'La France', ua la pinki lililooteshwa na Jean-Baptiste Guillot huko Lyon, Ufaransa, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza katika kundi la machotara wa waridi-chai, yaani waliotokana na mawaridi ya Kichina yenye harufu inayofananishwa na ya chai.

Tofauti kubwa kati ya mawaridi ya kisasa na ya kale ilitoka China. Mawaridi mengi ya Ulaya yalichanua mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, na baada ya hapo mti ukabaki na majani tu, ilhali ya China yalichanua tena na tena. Kati ya 1792 na 1824 aina nne za Kichina, mbili zikiwa za waridi-chai, zilifika Uingereza na kuanza kuchanganywa na za huko. Kazi haikuwa rahisi, kwani tabia ya kuchanua mfululizo hutokana na jeni ya kuzuia maua iliyoharibika, nayo hujitokeza pale tu mche unaporithi jeni hiyo mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Machotara wengi wa kizazi cha kwanza kwa hiyo walichanua mara moja tu, na ilibidi wachanganywe upya.

Rangi ya njano iliyokolea ilichelewa zaidi. Joseph Pernet-Ducher, mzalishaji wa mawaridi wa Kifaransa, aliipata kwa kutumia waridi la njano la Uajemi, akatoa 'Soleil d'Or' mwaka 1900, ingawa pamoja na rangi hiyo uliingia udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani.

Anayezalisha aina mpya huchagua ua ambalo halijafunguka, akalinyofoa petali na stameni zote (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) kabla chavua haijakomaa, kisha akapaka stigma, yaani ncha ya kiungo cha kike, chavua ya baba aliyemteua na kulifunika ua. Kila mbegu itakayopatikana huota mche usiofanana na mwingine, na mingi hutupwa. Mche mmoja unaopendeza ndio huwa aina, na tangu hapo huongezwa kwa vipandikizi au kwa kubebesha (kuunga jicho lake kwenye shina la waridi jingine), kamwe si kwa mbegu, kwa kuwa mbegu ingevuruga kila kitu.

Kwa kuwa kila mti wa aina ni nakala ya mche huo mmoja wa mzalishaji, mashamba ya Naivasha, Kenya, yanayokuza aina zenye hakimiliki huwalipa wazalishaji wa aina hizo ada. Katika maua hayo ya kukatwa, urefu wa kikonyo na siku za kudumu ndani ya chombo vimetangulizwa mbele ya harufu, na hiyo, kwa maoni yangu, ni hasara ya kweli.