Kitufe kinajua kazi yake, sura unaichora wewe

Wenye depo za vyakula na maduka ya dawa wanaonipa kazi hapa Lubumbashi, wengi wao wa komuni za Kenya na Katuba za mji huu, hawajali programu imeandikwa kwa lugha gani. Wanachotaka ni kitufe cha franka na cha dola visifanane hata kidogo, tena vikubwa, maana keshia anatumia kidole na foleni ni ndefu. Ndiyo sababu bado niko na WPF, zana ya kuunda madirisha na vitufe vya programu za Windows, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006.

Kitufe cha WPF hakina sura yake. Kinajua kubonyezwa na kutoa tukio la Click, basi. Mchoro wote unatoka kwenye kiolezo, yaani ControlTemplate. Ukibadilisha Background (rangi ya nyuma) kwa Style (orodha ya mipangilio ya sura) peke yake, kipanya kikipita juu ya kitufe, bluu hafifu ya Windows inajitokeza tena, kwa kuwa imeandikwa ndani ya kiolezo cha asili. Wengi hapo huongeza Style juu ya Style. Wanajichosha bure, andika kiolezo chako.

Ila kiolezo kipya kinafuta cha zamani chote. Chora Border (fremu) yenye kona za mviringo usahau ContentPresenter, sehemu inayoonyesha maandishi ya kitufe: neno “Lipa” halitaonekana, ingawa ukigusa, malipo yanapita. Rangi nayo ichukue kwa TemplateBinding, inayosoma rangi aliyopewa kitufe chenyewe. Ukiiandika moja kwa moja ndani ya kiolezo, franka na dola vitatoka rangi moja. Na Border isiyopewa Background yoyote haipokei mguso, kidole lazima kiangukie kwenye maandishi yenyewe. Ukitaka isionekane, iandikie Transparent.

Kwenye skrini ya kugusa sihangaiki na IsMouseOver (kipanya kiko juu ya kitufe). Natia nguvu kwenye IsPressed (kitufe kimebonyezwa), na Stylus.IsPressAndHoldEnabled, ile ya kubonyeza na kushikilia, naiweka False, la sivyo mguso wa haraka hauonyeshi mabadiliko yoyote na keshia anagusa tena. IsEnabled (kitufe kimewashwa au kimezimwa) pia inahitaji Trigger yake, yaani kanuni ya kubadilisha sura hali ikibadilika, maana ule ukijivu wa kitufe kilichozimwa umeondoka pamoja na kiolezo cha zamani.

Kisanduku cha kuandikia (TextBox) kina sharti lake: ndani ya kiolezo weka ScrollViewer, sehemu inayobeba maandishi, yenye jina PART_ContentHost, herufi kwa herufi. Jina likikosewa, programu inafunguka bila kulalamika, lakini bei haiandikiki.