Robo inchi si mili 6: dhana potofu kuhusu kufunga biti za CNC

Siku hizi milango ya mninga yenye tembo na Mlima Kilimanjaro, vichwa vya vitanda na vibao vya hoteli vinatoka kwenye karakana za Moshi na Arusha vikiwa vimechongwa kwa CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Kazi ikitoka na mistari iliyoyumba, fundi hulaumu faili, au mbao, au umeme. Mara nyingi kosa liko pale shina la biti (sehemu isiyo na makali ya kisu cha kuchongea) linapoingia kwenye koleti, kishikio kinacholibana, na pale ndipo dhana nyingi zisizo sahihi zimejaa.

"Robo na mili 6 ni kitu kimoja." Kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu dukani biti zote mbili huuzwa kwa jina la "robo". Robo inchi ni milimita 6.35. Tofauti ya 0.35 huioni kwa macho, lakini spindo nyingi za kuchongea (mhimili unaozungusha biti) hufika mizunguko 24,000 kwa dakika, na hapo shina lisilobanwa sawasawa halitulii. Koleti ya ruta ya mkono (mashine ya kuchongea mbao inayoshikwa kwa mikono) imetengenezwa kwa kipimo kimoja tu, hivyo biti ya mili 6 ndani ya koleti ya robo huteleza hata ukikaza vipi. Kuzungushia selotepu au kipande cha kopo la soda ni hatari: biti inaweza kuchomoka ikiwa kwenye kasi kamili.

Kuteleza kwenyewe hujificha. Biti ya msokoto inayotoa vumbi kwa juu hujivuta yenyewe kuingia kwenye mbao, hivyo ikilegea inateremka kidogo kidogo na mchongo unazidi kwenda chini. Fundi akiona hivyo anaanza kufungua mota ya Z, ile inayopandisha na kushusha spindo, kumbe mota ni nzima. Kabla ya kuanza kazi, chora alama ya kalamu kwenye shina, usawa wa mdomo wa koleti. Ukimaliza, iangalie. Alama ikiwa imesogea, au shina lina pete nyeusi za kuungua, jibu umelipata.

Mkanganyiko huohuo upo kati ya nusu inchi (12.7) na mili 12, na kati ya moja ya nane ya inchi (3.175) na mili 3. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, inamaliza ubishi.

"Koleti ya ER inashika shina lolote." Hii ni aina ya koleti za spindo inayoweza kubana zaidi ya kipimo kimoja; inashika mashina ya aina nyingi, lakini ina mpaka. Koleti hizi hubana kwenda chini ya namba iliyoandikwa, kamwe si kwenda juu: za ER20 kwa kawaida hushuka kwa milimita 1 tu chini ya namba hiyo, za ER11 nyingi kwa nusu milimita. Na kadiri unavyoishusha ndivyo inavyoshika sehemu ndogo ya shina na biti inavyoyumba, kwa hiyo kwa mchongo mwembamba nunua koleti yenye namba ileile ya shina. Kwa unene wa shina, ER11 huishia mili 7, ER16 mili 10, ER20 mili 13. Mwenye ER11 asinunue biti ya nusu inchi akitegemea bushi au nati kubwa. Haitaingia.

"Shina nene ni la mikato mipana." Hapana. Biti ya shina la mili 6 inaweza kuwa na ncha ya mili 1. Unene wa shina unahusu kupinda: kwa urefu uleule na chuma kilekile, shina la nusu inchi ni gumu kupinda mara 16 kuliko la robo. Asiye na spindo kubwa apunguze urefu unaoning'inia nje ya koleti. Ukiupunguza kwa nusu, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya nane.

"Ikilegea, kaza zaidi." Kwanza safisha. Mbao za paina na saipresi za West Kilimanjaro zina utomvu, nao ukichanganyika na vumbi hujaza mianya ya koleti. Zima mashine, chomoa waya, sugua kwa mswaki na spiriti, kausha, na usipake grisi. Kisha koleti iingie kwenye nati kwanza mpaka ilie "tak", ndipo nati ifungwe kwenye spindo. Ukiitanguliza koleti kwenye spindo, itakaa upande na kukaza kutaiharibu. Koleti iliyochoka haifufuki kwa spana. Badilisha.

"Sukuma biti mpaka igonge chini." Ikigonga, koleti haitaweza kulivuta shina wakati inabana. Irudishe juu kama milimita 2, shina lijaze koleti yote, na makali ya biti yabaki nje kabisa.