Lantana Iliyokatwa Ikaachwa Ni Hatari Kuliko Iliyosimama

Masika yakiisha, vikundi vingi vya vijiji vinavyopakana na misitu ya milimani, kuanzia Usambara na Kilimanjaro hadi Aberdare, huingia ukingoni mwa msitu na mapanga kufyeka lantana, kichaka vamizi cha kigeni chenye miiba. Ni kazi ya kujitolea, ni ngumu, na naiheshimu sana. Lakini mara nyingi huishia panga linapoishia. Vichaka vimelazwa chini, watu wamerudi nyumbani, na ikifika Septemba kile kichaka kibichi kimekuwa tandiko la vijiti vikavu linalofika magotini, tena chini ya miti ileile tuliyotaka kuikinga. Hapo tumeuandalia moto chakula.

Moto wa nyika hauenezwi na magogo. Huenezwa na vitu vyembamba: nyasi, majani, na vijiti vya chini ya milimita 6. Hivi hukauka au kulowa kadiri hewa inavyobadilika, ndani ya saa moja hivi. Kijiti cha hadi milimita 25 huchukua kama saa 10, na tawi la hadi milimita 75 huchukua kama saa 100, yaani zaidi ya siku nne. Kwa hiyo siku moja tu ya jua na upepo mkavu hutosha kuandaa vitu vyembamba, hata kama magogo bado yana unyevu ndani. Lantana karibu yote ni vijiti vya namna hiyo. Ikisimama mbichi angalau ina maji mwilini, ingawa nayo si salama: katikati yake hujaa matawi yaliyokufa, na hupanda kwenye shina la mti hadi mita kadhaa, ikawa ngazi ya kuutoa moto ardhini na kuufikisha kwenye majani ya juu. Moto ukishafika huko juu, kikundi chenye matawi mabichi na majembe hakina la kufanya. Kwa zana za mkono, moto unaoweza kukabiliwa ana kwa ana ni ule ambao ndimi zake hazizidi kama mita 1.2.

Kabla ya kung'oa chochote, hakikisha kila mshiriki anaitambua. Lantana vamizi, iliyotoka Amerika ya kitropiki, ina shina la pembe nne lenye miiba midogo iliyopinda, majani yanayokwaruza na kutoa harufu kali yakisuguliwa, maua ya rangi zaidi ya moja katika kichwa kimoja, na matunda yanayoiva kuwa meusi. Ipo ndugu yake nyingine, Lantana trifolia: majani yake huota matatu matatu kwenye kila kifundo, haina miiba, na matunda yake ni ya zambarau. Hiyo iacheni. Nashauri kiongozi afunge utepe kwenye mfano mmoja wa kila aina asubuhi, kila mtu aushike, kisha kazi ianze.

Sasa kung'oa. Sehemu inayochipua ni pale shina linapokutana na mzizi, chini kidogo ya udongo. Ukikata juu ya hapo umeipogoa tu, nayo itarudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo. Njia ninayoiamini ni ile iliyobuniwa India na Profesa C. R. Babu na wenzake: mzizi mkuu hukatwa sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, kisha kisiki kizima hunyanyuliwa na kupinduliwa, mizizi ikitazama juu, ili kikauke bila kugusa ardhi. Fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja apunguze matawi kwa panga na kubakiza shina la kushikia, kama sentimita 40. Mwingine atumie sururu au jembe jembamba, afukue udongo pembeni, aukate mzizi, anyanyue. Kagueni pia matawi yaliyolala, kwa sababu kila yalipogusa udongo huwa yametoa mizizi, na kila mzizi huo ni mmea mpya. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri katika sehemu hizi: udongo bado una unyevu na kisiki kinatoka. Mkingoja Agosti mtakuwa mnapigana na ardhi ngumu, na watu watarudi kukata juu juu.

Kwenye mteremko mkali usichimbe. Udongo uliofukuliwa utashuka na mvua za vuli, na hasara yake ni kubwa kuliko ya lantana. Hapo kata usawa wa ardhi, kisha rudi kila baada ya wiki chache kuvunja machipukizi yangali laini. Popote palipoinama, fanyeni kazi kwa mikanda inayofuata kontua (inayokata mteremko kwa usawa mmoja, si kupanda wala kushuka), mkiacha mkanda mmoja wa msimu ujao, na mtu asifanye kazi juu ya mwenzake, maana mawe hubingirika. Wenye mapanga waachane mita 3. Glavu nene, mikono mirefu na buti si anasa. Miiba ya lantana huchana vibaya, na vichaka hivi ni makazi ya nyoka na nyuki.

Kuondoa masalia ndiko kunakorukwa, nako huchukua muda mrefu kuliko kukata. Kwa hiyo gawanyeni watu mapema: kama mko 20, wakataji wasizidi 8, wengine wote wabebe. Mashina mazito yaende kuwa kuni. Usiwape ng'ombe wala mbuzi majani yake hata kidogo. Yana sumu inayoharibu ini na kuifanya ngozi ichubuke ikipigwa na jua. Matawi yenye matunda yasipite shambani wala yasitupwe kwenye mboji. Yaliyobaki yarundikeni nje ya msitu, mahali pa wazi, marundo yasiyozidi mita 1.5 kwa upana, walau mita 10 kutoka mti wowote au jengo.

Msiyachome wakati wa kiangazi, hata kama kuna utulivu asubuhi. Upepo wa mlimani hugeuka jua likipanda, na kila nyuzi 10 za mteremko zinapoongezeka, moto unaopanda huenda karibu mara mbili ya kasi yake. Ngojeni vuli ishike, chukueni kibali (Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 inakitaka), kisha choma rundo moja moja, maji na reki zikiwa tayari. Bora zaidi ni kuyafanya mkaa wa kurutubisha udongo: shimo la umbo la faneli, upana wa mita 1.5 na kina kama sentimita 80, washa juu, ongeza vijiti tabaka kwa tabaka kila majivu meupe yanapoanza kuonekana, mwishoni zima kwa maji mengi. Moshi hupungua sana na shamba linapata kitu.

Mkanda wa kusafisha uwe ukingoni mwa msitu, upana wa mita 10 hadi 20, si zaidi. Naona vikundi vinavyoingia ndani na kufagia hata majani yaliyooza na magogo yenye kuvu. Hilo ni kosa. Msitu wa asili uliofunga kivuli hutunza unyevu, na gogo linalooza ni hazina ya maji. Ndani ya mkanda, pogoeni matawi ya chini hadi mita 2 kutoka ardhini, lakini kwa mti mchanga msipite theluthi moja ya kimo chake. Barabara ya kuzuia moto iwe na upana wa walau mara tatu ya kimo cha mimea inayoizunguka; nyasi za mita 1 zinataka mita 3, na katikati pawe na njia ya udongo mtupu. Chini ya mikaratusi zoeni magome yaliyobanduka kila mwezi wa kiangazi, kwa sababu vipande hivyo hupeperushwa vikiwaka na kuvuka barabara yoyote. Matairi, magunia na plastiki zilizotupwa ukingoni ziondoke siku ya kwanza. Kwenye nyumba za jirani, mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani zisiwe na kitu cha kuwaka, kuni zikiwemo.

Usafi huu una deni. Mwanga ukiingia, nyasi ndefu hufuata, na zikikauka huwaka upesi kuliko lantana. Wakazi wa Lahaina, Hawaii, walipigwa Agosti 2023 na moto ulioua watu zaidi ya 100, na mashamba ya miwa yaliyoachwa pembeni ya mji yalikuwa yamejaa nyasi kavu, zikiwemo aina zilizopelekwa kutoka Afrika. Dawa ni kivuli. Vuli ya kwanza pandeni miti ya asili inayokua haraka, kama mringaringa na msesewe, kwa nafasi ya mita 2 hadi 3, na nyasi kati yake zifyekwe kabla hazijakauka.

Kisha rudini. Mbegu za lantana huletwa na ndege, kwa hiyo miche huanzia chini ya miti wanakotua, anzeni huko. Baada ya mvua, mche wa kimo cha kiganja hutoka kwa mkono mmoja na mzizi wote. Pangeni duru baada ya vuli na nyingine baada ya masika, kwa miaka mitatu. Kikundi kinachoweza kurudi kwenye ekari moja tu kisafishe ekari moja.